MAMA WA MAPACHA WALIOTUPWA

Wengi tunaijua Mathayo 25 kwa kichwa. Leo nakuletea habari za mama mmoja aliyeijua kwa mikono. Jina lake Mary Slessor.

Alizaliwa Desemba 2, 1848 katika mji wa Aberdeen, Uskochi. Baba yake alikuwa fundi viatu, lakini mlevi; hela zote ziliishia kwenye pombe, nyumbani shida tupu. Wakahamia Dundee. Mary akiwa na miaka 11 tu akaanza kazi kwenye kiwanda cha kufuma: nusu siku kazini, nusu siku shule. Baadaye akawa anafanya kazi kutwa nzima, kitabu amekiweka kwenye mtambo, anasoma kwa kuibia. Mimi ninayeandika haya niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikifika hapo napata nguvu. Mungu hakumwuliza cheti!

Mwaka 1873 David Livingstone alifariki, na akina Susi na Chuma wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Habari zile zilipofika Uskochi zilimchoma Mary moyo. Mwaka 1876 akapanda meli kwenda Calabar, ambayo leo iko Nigeria.

Sasa sikiliza. Huko, wakati ule, mama akizaa mapacha ni msiba. Watu waliamini mmoja wao ni mtoto wa pepo, na kwa kuwa hawakujua ni yupi, waliwaua wote wawili au waliwatia kwenye chungu wakawatupa porini. Mama mzazi naye alifukuzwa. Mary akisikia habari hiyo hakungoja kikao cha wazee. Alikimbia porini. Wengine aliwakuta wameshakufa. Waliokuwa hai aliwabeba, akawaosha, akawanywesha maziwa, akalala nao chumba kimoja. Kati yao alikuwa binti aliyemwita Janie, ambaye pacha wake wa kiume aliuawa. Mary akamlea kama wa tumboni mwake, hata Uskochi alimpeleka.

Mwaka 1888 akaenda kuishi peke yake kwa watu wa Okoyong, mahali ambapo wenzake walipaogopa. Huko mwana wa chifu Edem aliangukiwa na gogo akafa. Kwa mila yao hakuna kifo cha bure, lazima kuna mchawi! Watu wakafungwa minyororo, wanyweshwe sumu ya maharage ya esere, na mkubwa hazikwi peke yake. Mary akakaa pale mchana na usiku akiwalinda, akipokezana na fundi seremala wa misheni, akimsihi chifu, akikataliwa, akirudi tena. Wakafunguliwa mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kijana yule akazikwa na ng'ombe tu.

Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ikampa kazi ya kuamua kesi za watu wale. Haya, msichana wa kiwandani akawa hakimu! Lakini aliendelea kukaa kwenye nyumba ya udongo na kutembea pekupeku, na homa za malaria hazikumwacha. Uzeeni miguu ilikataa, akawa anasukumwa kwenye kigari kwenda kijiji kwa kijiji.

Alifariki Januari 13, 1915, katika kijiji cha Use. Waliokuwa kando ya kitanda chake ni mabinti aliowalea, na Janie akiwemo.