Denis Burkitt, munganga mwenye jicho moja aliyeuliza "wapi?"

Katika makanisa yetu kuna swali linalorudi kila mara mtoto anapougua ugonjwa usioeleweka: ni nani? Nani amemroga, nani katika ukoo alikosa, nani alikuwa na wivu na mama yake. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo mbele ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9. Leo tunasimulia maisha ya munganga Mkristo ambaye, mbele ya watoto wenye taya zilizovimba kwa kansa, aliuliza swali tofauti. Aliuliza: wapi? Jina lake ni Denis Parsons Burkitt, na wagonjwa wake walikuwa majirani zetu wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika kaunti ya Fermanagh, Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara wa kaunti hiyo, na alikuwa na mazoea ambayo majirani bila shaka waliyashangaa: alikamata ndege wadogo katika bustani yake, akawavisha pete miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anakaa upande gani na mpaka wake uko wapi. Kazi hiyo ya bustanini bado inatajwa na wataalamu wa ndege. Kumbukeni jambo hili, kwa maana mtoto alimwona baba akichora.

Denis alipokuwa na miaka 11, wavulana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilipiga miwani yake, kioo kikaingia katika jicho la kuume, na waganga wakalazimika kuliondoa. Maisha yake yote yaliyobaki, pamoja na miaka mingi ya kupasua wagonjwa, aliyaishi kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Lakini hapo chuoni alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokutana kuomba na kusoma Biblia, akamkabidhi Kristo maisha yake, akaona kwamba anaitwa kwenye uganga. Akabadilisha masomo, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni ya Afrika alikataliwa, sababu ikiwa lile jicho. Vita vya dunia vikafungua mlango uliokuwa umefungwa: jeshi lilimchukua kama daktari mwaka 1941, likamleta hadi Kenya na Somalia. Katika likizo alifika Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alikuwa amemwoa Olive Rogers, muuguzi, na mwaka 1946 serikali ya koloni ilikubali kumtuma Uganda pamoja na jicho lake moja.

Walimpeleka Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikuta wanaume wengi wenye mabusha, ule uvimbe wa maji unaomwaibisha mwanaume. Daktari mwingine angepasua na kwenda nyumbani. Burkitt alianza kuwauliza wagonjwa wanatoka wapi, na akagundua kwamba wengi walitoka mashariki mwa wilaya, na kutoka magharibi karibu hakuna. Wilaya ni moja, serikali moja, watu wa lugha moja, lakini ugonjwa umechagua upande. Sababu ilikuwa minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu. Aliandika habari hiyo mwaka 1951. Haikumpa sifa kubwa, ila ilimfundisha njia.

Wakati huo alikuwa amehamia hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja ya mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell, ambaye baadaye aliacha uganga akawa mchungaji wa Kianglikana, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Taya zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kushoto na kuume. Meno yamelegea, uso umeharibika. Burkitt hakuwa amewahi kuona hivyo, na hakujua la kufanya. Wiki chache baadaye alikuwa akizunguka katika hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani aliona msichana ameketi nje na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alimpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Wote wawili hawakupona.

Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili wanamlazimisha mtu kufungua madaftari. Alifungua ya Mulago, akaona kwamba vivimbe ambavyo waganga waliviandika kwa majina mbalimbali, vya taya, vya figo, vya tumbo, mara nyingi vilikuwa vya mtoto yuleyule au vya watoto wanaofanana. Ulikuwa ugonjwa mmoja wenye nyuso nyingi. Aliandika mwaka 1958, na kwa muda hakuna aliyejali sana. Wataalamu wa hadubini wa Kampala, Jack Davies na Greg O'Conor, ndio walioonyesha kwamba ni kansa ya chembe za kinga ya mwili, aina inayoitwa limfoma.

Hapa inafaa kusema neno juu ya kuhesabu. Ukisikia kwamba wilaya fulani haina kansa, lazima uulize kwanza kama ina munganga wa kuiona. Mahali pasipo hospitali panaonekana kuwa na afya njema katika vitabu, maana wafu wake hawaandikwi. Pahali penye hospitali nzuri panaonekana kujaa magonjwa. Davies alilifahamu hilo, na mwaka 1951 daftari la kansa la Kampala lilianzishwa ili kuandika wagonjwa wa eneo linalojulikana mipaka na idadi ya watu, yaani kaunti ya Kyadondo, inayozunguka mji. Burkitt naye alikuwa na bahati, tukiruhusiwa kuiita bahati: uvimbe wa taya hauhitaji mashine. Hata muuguzi wa kituo kidogo porini, akionyeshwa picha, atasema amemwona mtoto wa namna hiyo au hajamwona.

Basi akapiga chapa karatasi zenye picha, kwa msaada mdogo sana wa fedha, akazituma kwa hospitali zaidi ya 1,000 za serikali na za misioni katika Afrika. Kila jibu la ndiyo alilichoma kwa pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Pini zikachora mkanda mpana katikati ya Afrika, kama nyuzi 10 kaskazini na nyuzi 10 kusini ya mstari wa ikweta, na mkia ukishuka upande wa Msumbiji. Lakini ndani ya mkanda huo kulikuwa na mashimo matupu. Kwa nini? Barua hazikutosha kulijibu hilo.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alitoka Kampala na rafiki wawili kwa gari la Ford la mwaka 1954, walilolinunua kwa pauni 250. Mmoja alikuwa Cliff Nelson, daktari kutoka Canada. Mwingine alikuwa Ted Williams, daktari wa misioni ya AIM katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, mahali ambapo ndugu zetu wa Aru wanapafahamu vizuri, kwa maana mpaka hauko mbali. Williams alijua kutengeneza magari, na katika safari kama ile kipawa hicho si kidogo. Walikwenda kwa wiki 10, kilomita kama 16,000, kupitia Kenya, Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Waliingia hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misioni. Kila mahali ilikuwa kazi ileile: kusalimu, kutoa picha, kuuliza, kuandika.

Karibu na ikweta waliona kwamba ugonjwa unakoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Wakadhani wamepata jibu, kwamba milima inalinda. Lakini walipozidi kushuka kusini, mpaka huo ulishuka pamoja nao: kama mita 900 katika Nyasaland na Rhodesia, na kufika Swaziland ni kama mita 300 tu. Basi si mlima wenyewe. Ni baridi. Ugonjwa haukuonekana pale ambapo joto la msimu wa baridi linashuka chini ya nyuzi 16 hivi, wala mahali pakavu ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 500. Sisi wa mashariki hatuhitaji ramani kulielewa jambo hili. Anayepanda kutoka Uvira hadi Minembwe, au kutoka Beni hadi Lubero, anaacha chandarua na kutafuta blanketi.

Joto na mvua ni nyumba ya mbu. Burkitt akafikiri kwamba huenda mbu anabeba kirusi cha kansa. Mwezi Machi 1961, kabla ya safari, alikuwa ametoa hotuba katika hospitali ya Middlesex, London, na mtafiti kijana Anthony Epstein alikuwa ameketi nyuma akisikiliza. Epstein akaomba vipande vya uvimbe, vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe hizo. Kwa mara ya kwanza kirusi kilihusishwa na kansa ya binadamu.

Lakini kirusi hicho kilionekana kuwa kila mahali, Ulaya, Asia, Marekani. Kinaambukiza kwa mate, si kwa mbu, na karibu kila mtu anacho bila kuugua kansa. Burkitt alikuwa amekosea kuhusu mzigo wa mbu, ingawa ramani yake ilikuwa kweli. Kile mbu alichobeba kilikuwa malaria. Mtoto anayepigwa na malaria tena na tena kinga yake inachoka kukizuia kirusi, na chembe zinazokibeba zinazidi kuongezeka hadi moja inaharibika na kuwa kansa. Zanzibar, iliyokuwa imepigana vikali na malaria, ugonjwa haukuonekana ingawa ni kisiwa chenye joto na mvua. Na ng'ambo ya bahari, kwenye mabonde yenye malaria ya Papua New Guinea, watoto waliugua kansa ileile.

Kulikuwa na wenye kusema ni jambo la damu, la kabila. Ramani iliwajibu. Watu waliohama kutoka milima ya Kigezi, Rwanda na Burundi kwenda kukaa Buganda kwenye joto walianza kuugua, tena wakiwa na umri mkubwa kuliko watoto waliozaliwa hapo, kwa sababu miili yao haikuwa imezoea malaria. Mahali ndipo palipobadilika. Damu yao ilibaki ileile.

Burkitt alikuwa mpasuaji aliyeona kwamba kisu hakisaidii. Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Kuanzia 1960 alijaribu dawa mpya za kansa kwa watoto hao, na wengine waliyeyuka uvimbe kwa siku chache, mara nyingine baada ya dozi moja au mbili, wakarudi nyumbani, wakakua. Si wote. Lakini mtu aliyezoea kuzika watoto hao wote hakuweza kusahau wale wa kwanza waliorudi kumsalimu.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Kutoka London aliendelea kutuma karatasi za maswali kila mwezi kwa hospitali za misioni zipatazo 150, akihesabu kansa za aina nyingine. Zilionyesha tofauti zilezile za ajabu. Kansa ya koo la chakula ilikuwa nyingi magharibi mwa Kenya, na adimu si mbali na hapo. Ile ya ngozi inayoitwa Kaposi ilikuwa nyingi zaidi West Nile na kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu, miaka mingi kabla ya UKIMWI. Baadaye alijulikana Ulaya na Marekani kwa mafundisho juu ya chakula chenye makapi, unga usiokobolewa, maharage na mboga, kwa sababu aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa kwao yalikuwa machache kwetu. Baadhi ya aliyosema juu ya chakula yamepunguzwa na watafiti waliomfuata. Alipenda jibu moja kwa mambo mengi mno. Mwenyewe aliamka mapema kila siku kusali na kusoma Neno, na katika hotuba zake hakuacha kuwataja wale waganga wa vijijini waliomjibu barua.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Olive alikuwa bado hai. Kituo kidogo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye kansa hiyo ndicho leo Taasisi ya Kansa ya Uganda, ambako wagonjwa wetu kutoka Ituri na Kivu wanapelekwa wakipata nauli. Na daftari la Kyadondo bado linaandikwa.