Max Looff na Manowari ya Bomba Tatu

Miongoni mwa wageni ambao majina yao hayatengani na historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika pwani ya Afrika Mashariki ni Max Looff, nahodha wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Looff alizaliwa mwaka 1874 mjini Strasbourg, akajiunga na jeshi la majini la Ujerumani, na mwezi wa Aprili 1914 akakabidhiwa manowari hiyo. Ilitia nanga Dar es Salaam mwezi wa Juni. Wenyeji walioistaajabia waliiita manowari ya bomba tatu.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya sentimita 10.5, na mitutu miwili ya kurushia topido, yaani makombora yaendayo chini ya maji. Topido zake tano zilikuwa na kipenyo cha sentimita 45, kipimo kile kile kilichotumiwa na U-1, nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 1906. Topido za wakati huo ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na masafa yake hayakuzidi kilomita chache.

Ufupi huo wa masafa unaeleza mengi. Tarehe 20 Septemba 1914 Looff aliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo. Aliishambulia kwa mizinga kutoka umbali wa kilomita 8 hivi, ambako mizinga ya adui haikumfikia. Mabaharia zaidi ya 30 waliuawa. Siku mbili baadaye, katika Bahari ya Kaskazini, nyambizi U-9 ilizamisha manowari tatu za Kiingereza kwa topido za sentimita 45, na watu zaidi ya 1,400 wakaangamia. Silaha ilikuwa ya kipimo kimoja, lakini nyambizi iliweza kumsogelea adui bila kuonekana, ilhali manowari yenye bomba tatu ilionekana kutoka mbali.

Baada ya ushindi huo mitambo ya Königsberg iliharibika, na Looff akaificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua, wakaziba njia zote za kutokea baharini. Tarehe 11 Julai 1915, manowari Severn na Mersey, zilizoweza kuelea katika maji machache, ziliishinda kwa msaada wa ndege. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake ilipuliwe. Baruti ya topido, iliyokusudiwa kumzamisha adui, ndiyo iliyoimaliza Königsberg yenyewe. Mizinga yake yote 10 iliopolewa ikatumika nchi kavu, na Looff akaendelea kupigana huko hadi alipotekwa mwezi wa Novemba 1917.

Hata hivyo, vita hivyo vilikuwa na upande wa pili. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani, watawala wa Kiingereza waliilipua Kaya Fungo, kitovu cha Wagiriama katika nchi ya Kilifi. Wagiriama, wakihamasishwa na Mekatilili wa Menza, walikuwa wamekataa kutoa vijana wao kwa kazi za serikali. Waliposhindwa, walitozwa faini na kuamriwa kutoa vijana wa kuchukua mizigo ya jeshi, katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza liliingia katika Kiswahili kuwa Kariakoo. Hivyo, kila mwezi ambao Looff na wenzake waliurefusha vita ulikuwa mzigo mwingine kwa watu wa bara ya Malindi na Kilifi, ambao hawakuwa na ugomvi na Mjerumani.

Looff alirudi kwao, akastaafu kwa cheo cha makamu admirali, na akafariki mwaka 1954. Mmoja wa mizinga yake umesimama nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Anayeutazama na awakumbuke pia wale ambao vita hivyo viliwatwisha mizigo.