Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Picha

Mungu akipenda, mwezi wa Agosti chama chetu kitavuka mpaka pale Namanga kwenda Dar es Salaam na Unguja. Kwangu itakuwa mara ya kwanza kutoka Kenya. Mwalimu mlezi amenipa kazi ya kupiga picha za safari, na kwa kuwa simu haturuhusiwi kubeba, nitatumia kamera ya babu, ile iliyopiga picha za harusi na ubatizo hapa Kalimoni kabla hata mama hajaolewa. Ni kamera ya filamu. Filamu moja hutoa picha 36, basi. Pesa tulizochanga zinatosha filamu tatu. Je, ninunue za rangi au nyeusi na nyeupe? Za jua kali au za mahali penye giza? Nilipomsumbua babu kwa maswali aliniambia kwanza nisome habari za Mohamed Amin. Nimezisoma, nami nawasimulieni.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alitoka Punjab akaja huku kufanya kazi ya reli. Baadaye jamaa wakahamia Dar es Salaam, na huko ndiko kijana alikoshikwa na ugonjwa wa picha. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie kuukuu. Babu anaijua: ni kisanduku tu chenye tundu la kioo mbele. Haina kurekebisha mbali wala karibu, na filamu yake ikishatoa picha chache imekwisha. Kwa kamera kama hiyo mtu hafyatui ovyo. Husimama, akaangalia jua liko wapi, akasogea hatua mbili, ndipo akabonyeza. Nadhani Amin alijifunza mengi kwa umaskini wa kile kisanduku kuliko ambavyo angefunzwa na kamera ya bei.

Akiwa bado mwanafunzi alikuwa amekwisha kuuza picha magazetini. Mwaka wa 1963, akiwa na miaka 20 tu, alianzisha kampuni yake, Camerapix, pale Dar es Salaam. Hebu fikiria, miaka minne tu kunizidi mimi! Mwaka uliofuata, Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, naye akawa miongoni mwa waliopeleka picha zake nje.

Hapa ndipo nilipoelewa alichotaka babu nikisome. Gazeti lilitaka picha ya kusimama, televisheni ilitaka picha inayotembea. Wengi walichagua moja, lakini Amin alibeba zote mbili. Basi hesabu ilimngoja kabla ya kila safari. Gombo la futi 100 la filamu ya milimita 16 huisha kwa dakika tatu kasoro. Ukilimalizia kwenye msafara wa magari, jambo lenyewe likitokea huna kitu. Kisha yale magombo yote hayajasafishwa, hujui kama yametoka au la, na huwezi kupiga tena. Lazima yafike salama mahali pa kusafishiwa, na njiani kuna joto, vumbi na maaskari.

Maaskari hao walimpata. Mwaka wa 1966 alikamatwa Zanzibar kwa sababu ya picha alizopiga za mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wataalamu wa nchi za Kikomunisti. Akafungwa gerezani karibu mwezi mzima, kisha akarudishwa Kenya. Hivyo ndivyo tulivyompata tena Nairobi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mjini Nairobi, akitoka duka la dawa. Amin alifika baada ya muda mfupi sana. Alipiga picha huku watu wakilia na kusukumana, akaingia hadi ndani ya gari la wagonjwa. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa habari za televisheni wa mwaka huo. Nikisoma hapo huwa naogopa. Si kwa ajili ya damu peke yake. Nawaza: kama siku ile filamu isingeshika kwenye kamera, je?

Maana mimi yamenipata. Februari siku ya michezo babu alinipa filamu ya zamani aliyobaki nayo, nijaribu. Niliwapiga picha wakimbiaji, nikawapiga walimu, na mwishowe nikampiga babu mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, maana alikuwa amekuja kuniona. Nikahesabu 36 kwa furaha. Ilipokwenda kusafishwa, ilirudi tupu kama dirisha. Kumbe ulimi wa filamu haukuwa umeshika ile reli ya kuvutia! Nilikuwa nafyatua hewa siku nzima. Babu hakunigombeza, alicheka tu, akanionyesha kwamba ukivuta filamu mbele, kile kitufe cha upande wa pili sharti kizunguke nacho. Kisipozunguka, fungua uanze upya. Lakini mbio zile hazikurudiwa.

Turudi kwa Amin. Kulikuwa na Uganda ya Idi Amin, kulikuwa na vita huku na kule, siwezi kuyaandika yote hapa mhariri akanivumilia. Lakini safari yake ya Makka siipiti. Yeye alikuwa Mwislamu, na mwaka wa 1978 kitabu chake cha picha za Hija kilitoka. Fikiria ugumu wake. Mchana kuna jua jeupe na mavazi meupe, usiku kuna taa na umati. Filamu ya nambari ndogo, kama 64 au 100, hupenda jua na hutoa rangi safi, lakini kukiwa giza inagoma. Ya 400 huona hata jioni, ila picha huwa na chembechembe kama mchanga. Ukishaitia kwenye kamera umefungwa nayo hadi iishe. Ndiyo maana wenye kazi hiyo walitembea na kamera mbili au tatu shingoni, kila moja na filamu yake. Mimi zamani nilidhani ni maringo.

Kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima ilikuwa Ethiopia, Oktoba 1984. Njaa ilikuwa imewashika watu kaskazini mwa nchi, na serikali ya huko haikupenda wageni waone. Amin alihangaikia vibali mpaka akaingia pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC. Kule Korem walikuta maelfu ya watu wamelala uwanjani kwenye baridi ya alfajiri, wengine wamekwisha kufa usiku. Taarifa ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani vikaionyesha. Kutokana na picha hizo wanamuziki wa Ulaya na Marekani walitoa nyimbo za kuchanga pesa, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja.

Juni 1991 alikuwa Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. Mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, alifariki hapo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Watu walidhani basi, kazi imekwisha, kwa sababu kamera ya televisheni hata mwenye mikono miwili inamlemea. Lakini wapi! Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja nyumbani. Watu watatu waliiteka wakitaka ipelekwe Australia, safari ambayo mafuta yasingeweza kuifikisha. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alisimama akajadiliana na watekaji. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, naye akiwemo. Alikuwa na miaka 53.

Jambo moja halinitoki. Ufuoni kulikuwa na mtalii wa likizo aliyekuwa na kamera ndogo ya video, akaielekeza angani. Ule mkanda ndio ulioonyesha dunia ndege ile ikianguka. Hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa amebeba kamera ya likizo tu.

Basi nimeamua. Filamu mbili za rangi za nambari 200, kwa ajili ya ufuo na mitaa ya Mji Mkongwe mchana. Moja nyeusi na nyeupe ya 400, kwa jioni na kwa ndani ya meli. Zote nitazibeba mkononi, si kwenye sanduku la chini ya basi, maana joto huziharibu. Bandarini nikiambiwa nizipitishe kwenye mashine ya kukagulia mizigo, nitaomba kwa heshima zikaguliwe kwa mkono. Picha ya kwanza ya filamu ya kwanza itapigwa hapa hapa Kalimoni, asubuhi ya kuondoka. Ni ya babu na lile koti lake. Zinabaki 107. Anayetaka kuwemo aniandikishie jina lake, Kidato cha Tatu, dawati la dirishani.