Dunbar Moodie: afisa wa nusu mshahara, mashamba yake na jamaa yake

Katika makutaniko yetu tunao wazee waliotumikia jeshi, wakarudi nyumbani na karatasi mkononi kungojea malipo yao. Wengine walichoka kungojea, wakatafuta shamba. Leo tunawasimulia maisha ya mtu wa zamani, mbali na kwetu, aliyepita njia kama hiyo: John Wedderburn Dunbar Moodie, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa mlowezi Afrika ya Kusini, kisha Kanada. Wengi wanaolijua jina lake leo wanalijua kwa sababu ya bibi yake Susanna, mwandishi wa vitabu. Na tutaona kwamba bibi huyo hakumpa jina tu.

Dunbar alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1797 huko Melsetter, katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Skotilandi. Baba yake, Meja James Moodie, alikuwa na shamba kubwa la ukoo, lakini madeni yalikuwa yamelikalia juu. Dunbar alikuwa mtoto wa kiume wa tano, na mtoto wa tano katika nyumba yenye madeni hangojei urithi. Mwaka 1813 akaingia jeshini, kikosi cha 21, angali kijana mdogo. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 8 Machi, Waingereza walishambulia mji wa Bergen op Zoom huko Uholanzi, wakashindwa vibaya. Dunbar alijeruhiwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Vita vya Napoleoni vilipokwisha, serikali haikuhitaji tena maafisa wengi, na mwaka 1816 akarudishwa nyumbani kwa nusu mshahara.

Hapa tueleze kidogo, maana habari yote ya mtu huyu imejengwa juu ya jambo hilo. Nusu mshahara ilikuwa kama pensheni: afisa hana kazi, lakini serikali inaendelea kumlipa sehemu ya mshahara wake, na inaweza kumwita tena vita vikitokea. Tena, wakati ule cheo cha afisa kilikuwa kitu cha kununua na kuuza. Basi Moodie alikuwa na vitu viwili vilivyofungamana: fedha kidogo zinazoingia kila mwaka bila kukosa, na cheo ambacho angeweza kukiuza siku moja. Akikiuza, fedha za kila mwaka zinakatika.

Ndugu yake mkubwa, Benjamin, aliuza Melsetter kwa sababu ya madeni, na mwaka 1817 alihamia Rasi ya Tumaini Jema pamoja na mafundi wapatao 200 wa Kiskoti, ambao wengi wao walimtoroka baadaye. Mwaka 1819 Dunbar akamfuata. Alikaa huko miaka kumi, kwanza karibu na Swellendam, kisha pamoja na ndugu yake Donald kwenye mpaka wa mashariki, mahali ambapo Waxhosa walikuwa wamefukuzwa kwa bunduki miaka michache tu kabla. Alijifunza kuishi na Makaburu na kupanda farasi siku nzima. Katika kuwinda aliangushwa na tembo, akapona kwa shida. Baadaye alitunga kitabu cha miaka ile kumi, kilichotoka mwaka 1835. Koloni ile ilikuwa bado ya utumwa, na Wakhoikhoi, wenye nchi, walikuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya wageni. Moodie aliyaona hayo kwa macho yake.

Jina la kwao liliendelea kutembea katika Afrika hata bila yeye. Mwaka 1892 watu wa ukoo wa Benjamin waliongoza msafara wa magari ya ng'ombe hadi milima iliyo leo mashariki mwa Zimbabwe, na mji waliouanzisha wakauita Melsetter. Leo unaitwa Chimanimani.

Dunbar mwenyewe alirudi Uingereza karibu na mwaka 1830, akitafuta mke. Alimpata London, katika nyumba ya Thomas Pringle, Mskoti mwingine aliyekuwa ametoka Afrika ya Kusini na sasa alikuwa katibu wa chama cha kupinga utumwa. Susanna Strickland, aliyezaliwa mwaka 1803, alikuwa binti wa jamaa ya watunzi wa vitabu, na baba yao alikuwa amefariki bila kuwaachia mali ya kutosha. Nyumbani kwa Pringle alikuwako pia Mary Prince, mwanamke aliyezaliwa mtumwa katika kisiwa cha Bermuda. Mary alisimulia maisha yake, Susanna akaandika. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1831, cha kwanza chenye masimulizi ya maisha ya mwanamke Mweusi aliyekuwa mtumwa kuchapwa Uingereza. Tarehe 4 Aprili mwaka huohuo Dunbar na Susanna walifunga ndoa, na Mary Prince alihudhuria arusi yao. Sisi tuliposoma habari hiyo tulisimama kidogo. Ni watu wangapi wa tabaka lao wangemwalika?

Lakini nusu mshahara haikutosha kulea jamaa. Dunbar alitaka warudi Afrika ya Kusini. Susanna alikataa: aliogopa wanyama wakali, na tunadhani habari ya tembo haikusaidia. Wakakubaliana Kanada, ambako kaka yake Samuel alikuwa tayari. Dada yake Catharine naye alikuwa ameolewa na Thomas Traill, afisa mwingine wa Orkney wa kikosi kilekile, naye pia wa nusu mshahara. Jamaa zote mbili ziliondoka mwaka 1832. Akina Moodie, na mtoto wao wa kwanza mchanga, walisafiri karibu miezi miwili baharini, na walipofika walikuta kipindupindu kikiua watu Quebec na Montreal.

Afisa wa nusu mshahara alikuwa na haki ya kupewa ardhi na serikali ya koloni. Moodie alipata ekari 400 za msitu. Tuseme wazi ardhi hiyo ilitoka wapi. Wenyeji wa Douro, kaskazini mwa mji wa Peterborough ambako akina Moodie walihamia mwaka 1834, ni Wamississauga. Mwaka 1818 serikali ilikuwa imepata kwao eneo kubwa sana kwa ahadi ya vitu vya thamani ya pauni 740 kwa mwaka. Vizazi vilivyofuata vya wenyeji hao walibaki wageni katika nchi ya baba zao, na wanajeshi wa zamani ndio waliogawiwa mapori. Hata hivyo Wamississauga walikuja mara nyingi nyumbani kwa akina Moodie, wakaleta nyama na samaki, wakapewa chakula, na Susanna aliandika juu yao kwa upendo, ingawa si bila kiburi cha wazungu wa siku zile.

Kosa kubwa la Dunbar lilitokea kipindi hicho. Aliuza cheo chake cha jeshi, na fedha nyingi alizopata akanunua hisa za meli ya mvuke. Meli haikumletea faida yo yote. Hivyo fedha ya kila mwaka ilikwisha, na ya meli haikuja. Afisa aliyezoea kuamuru watu akabaki kukata miti na kulima kati ya visiki, na kwa kitambo jamaa ikaishi zaidi kwa viazi na kwa madeni. Hatumcheki. Ni wangapi kwetu wamekusanya akiba ya miaka mingi na kuiweka katika biashara ya rafiki wa rafiki?

Mwishoni mwa 1837 kulitokea uasi dhidi ya serikali ya koloni. Dunbar, ingawa alikuwa ameumia mguu, aliondoka kwenda kujiunga na wanamgambo. Susanna akabaki msituni na watoto wadogo na mtumishi mmoja wa Kiayalandi aliyeitwa Jenny. Usiku, watoto wakiisha kulala, aliandika hadithi kwa ajili ya gazeti moja la Montreal lililomlipa. Alichora pia ndege na vipepeo juu ya uyoga mgumu unaoota kwenye miti, akawauzia maafisa. Kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mume wake: alimwandikia gavana, Sir George Arthur, akamweleza hali ya nyumba yao. Gavana alimpa Dunbar kazi ya kulipa mishahara ya wanamgambo, na mwaka 1839 akamteua kuwa sherifu huko Belleville. Walipofunga mizigo mwanzoni mwa 1840 kuacha msitu, Wamississauga walikuja kuwaaga.

Sherifu ndiye aliyetekeleza hukumu za korti, na kazi hiyo haikumpatia marafiki. Vyama vilikuwa vinagombana vikali, na Moodie, aliyekataa kuegemea upande wa wenye nguvu, alifunguliwa kesi baada ya kesi na mawakili waliomchukia. Watoto wao walikuwa saba. Mmoja alikufa akiwa mchanga mwaka 1840, na mwaka 1844 John, mwenye miaka mitano, alizama katika mto Moira karibu na nyumba. Kitabu cha Susanna juu ya maisha ya msituni kilitoka mwaka 1852, kikamfanya ajulikane; baadhi ya sura zake ziliandikwa na Dunbar. Mwishowe maadui walimpata. Alikuwa amemwachia naibu wake kazi kwa mapatano ya malipo fulani, jambo ambalo sheria ilikataza. Tunaamini hakukusudia wizi, lakini sheria ilikuwa wazi, na mtekelezaji wa sheria alipaswa kuijua. Alipatikana na hatia, na mwaka 1863, akiwa tayari amepooza upande mmoja, akajiuzulu.

Alibaki tena mzee asiye na mshahara, na safari hii hakuwa na cheo cha kuuza. Mali iliyobaki waliiandika kwa mwana wao, ambaye pia aliitwa Dunbar, wakitumaini awatunze. Yeye aliuza nyumba, akahamia Delaware huko Marekani, nao wazee wakabaki katika nyumba ndogo nje ya Belleville. Mwaka 1866 Dunbar alichapisha kitabu cha mwisho, kuhusu maisha yake ya uaskari na ulowezi, kusudi apate fedha kidogo.

Binti yao Agnes, mjane mwenye watoto wengi wa kike, alichora picha za maua ya mwituni ya Kanada, na Catharine, mama yake mkubwa, akaandika maelezo. Kitabu kilitoka mwaka 1868, na picha zilitiwa rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Dunbar alikiona. Alikufa tarehe 22 Oktoba 1869. Susanna aliishi zaidi ya miaka 15 baada yake, akafa Toronto, nao wamezikwa pamoja Belleville.