Sidi Mubarak Bombay, Kapteni wa Misafara

Katika historia tuliyosomeshwa shuleni, sisi wa zamani na ninyi mlioko madarasani sasa, majina ya Burton, Speke na Stanley hayakosekani. Jina la Sidi Mubarak Bombay, kama likitajwa, hupitiwa haraka mithili ya jina la mpishi. Na huyu ndiye aliyefuatana na wote watatu, na Cameron akawa wa nne.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, wafanyabiashara wenye bunduki walivamia kijiji chao kwa kisingizio cha deni la nguo. Akaswagwa hadi Kilwa, akauzwa, akapelekwa India. Huko alijifunza Kihindustani, na huko ndiko alikopata jina la Sidi, ambalo Wahindi huwaita watu wenye asili ya Afrika. Bwana wake alipofariki aliachwa huru. Akarudi Unguja, akajiandikisha katika jeshi la Sultani, akapangwa katika boma dogo la Chokwe karibu na Pangani. Burton na Speke walimkuta hapo mapema mwaka 1857.

Juni mwaka huo msafara ulitoka Unguja, ukashuka Kaole, ukapanda bonde la mto Kingani, yaani Ruvu yetu hii, kupita Uzaramo. Ninyi mnaopita darajani kwa basi dakika mbili, jaribuni kuuona msafara ule. Mbele kabisa alikwenda kiongozi wa wapagazi, amevaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, mkononi bendera nyekundu ya Sultani. Nyuma yake ngoma na baragumu, kisha wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32: majora ya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Hizo ndizo zilikuwa fedha za njiani, maana pasipo nguo hapakuwa na posho wala hongo ya kumpa jumbe. Askari Mabaluchi walibeba bunduki za utambi, panga, ngao na majambia. Zana hizo zilikuwa nzito kuliko faida yake, kwa maoni yangu, lakini ziliwatia watu moyo. Na moyo ulihitajika, kwani njia ile ilipita Dege la Mhora, mahali alipouawa Mfaransa Maizan mwaka 1845, aliyekuja na shehena ya vitu vya thamani vilivyowatamanisha watu.

Wapagazi wengi walitoroka njiani na mizigo yao. Bombay hakutoroka. Februari 1858 walifika Ujiji. Burton alipobaki mgonjwa Kazeh, ndiyo Tabora, Speke alikwenda kaskazini na Bombay, wakaliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Aliuliza kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, jibu likarudi kwa njia ile ile. Burton alipokataa kwamba ziwa lile ni chanzo cha Nile, hoja yake moja ilikuwa kwamba maneno yamepotea kinywani mwa Bombay. Kumbe maneno yalikuwa sawa!

Mwaka 1860 alitoka tena na Speke na Grant, safari iliyowafikisha Misri mwaka 1863. Katika safari hiyo Speke alimpiga ngumi, na Stanley aliandika kwamba meno ya mbele ya Bombay yalitolewa na mkono wa Speke huko Uganda. Stanley naye alimchapa fimbo, kisha akamlaumu kwa uvivu. Sisi tunaoshika majalada maofisini twajua uzito wa jambo hili: ripoti zote ziliandikwa na wakubwa wa safari, na Bombay hakuacha hata ukurasa mmoja wa mkono wake wa kujitetea.

Stanley alimwajiri mwaka 1871 awe kapteni wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, nusu ikitangulizwa. Wenzake watano waliowahi kutembea na Speke walipata 40. Askari wa kawaida alipewa bunduki ya gumegume, pembe ya baruti, mfuko wa risasi, kisu na shoka dogo. Kapteni alipewa bunduki bora zaidi na bastola juu yake.

Safari kubwa kupita zote ilikuwa ya Cameron. Waliondoka Bagamoyo mwaka 1873, na Novemba 1875 wakatokea pwani ya Atlantiki, Angola. Ukijumlisha safari zake zote unapata karibu kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha mwaka 1876, pamoja na pensheni.

Njia alizozisafisha zilipitiwa na wengine waliokuja na nia nyingine. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi hati ya ulinzi juu ya nchi alizozipata Karl Peters, Ukami na Usagara zikiwamo. Bombay alifariki mwaka huo huo, mwezi Oktoba.