Sayyid Barghash na saa ya magharibi



Saa ya mfukoni ya fedha, ile ya mkufu na kifuniko, ikitolewa kabatini katika nyumba ya Lamu siku hizi huulizwa maswali mawili. Sonara huuliza ina uzito gani. Mnunuzi wa vitu vya kale hufungua kifuniko kwa ukucha, akatazama alama ya fedha iliyopigwa ndani, akauliza jina la fundi wa Ulaya aliyeitengeneza. Hakuna anayeuliza swali la tatu: saa hii ilikuwa ikitiwa majira gani? Swali hilo linatupeleka moja kwa moja kwa Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Unguja, ambaye mji wetu ulikuwa chini yake.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Alikulia katika majumba ambamo saa zilikuwa pambo la heshima. Dada yake, Bibi Salme, ameandika katika kitabu chake kwamba kuta za vyumba vya matajiri wa Unguja zilipambwa kwa vioo vikubwa na saa kutoka ng'ambo.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye chomboni. Alijaribu kushika hatamu kabla ya ndugu yake Majid, asiweze. Mwaka 1859 akajaribu tena kwa silaha, na Bibi Salme akamsaidia. Waingereza wakaingia upande wa Majid. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili.

Safari hiyo ilikuwa adhabu, lakini ilimfungua macho. Bombay ya wakati ule ilikuwa mji wa bandari kubwa, reli, viwanda na mitambo ya kupiga chapa. Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, Barghash akakalia kiti, na mengi aliyoyafanya baadaye yanafanana na mambo ya mtu aliyetazama vizuri alipokuwa ugenini.

Hakuanza kwa raha. Mwaka 1872 kimbunga kilivunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, Juni 1873, chini ya tishio la manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Hapa lazima tuseme kweli: hazina yake ilikuwa ikila kodi ya biashara hiyo, na hakuiacha kwa hiari. Anayemsifu Barghash na kuliruka jambo hili anatuhadithia nusu ya mtu.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria. Bibi Salme, ambaye wakati huo alikuwa mjane Ujerumani baada ya kuolewa na Mjerumani, alikwenda London kutaka kupatana na kaka yake, na wakubwa wa Uingereza wakamzuia. Alipokuja Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani, Barghash mwenyewe ndiye aliyekataa kuonana naye.

Alileta maji safi kutoka Chemchem hadi mjini. Alinunua meli za moshi. Aliweka mtambo wa kupiga chapa vitabu vya dini. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alitoa sarafu zake mwenyewe: pesa ya shaba yenye picha ya mizani, na riale ya fedha. Pesa ya shaba ilienea mwambao mzima. Riale ya fedha ni adimu sana, na wakusanyaji wa leo huitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, na mbele ya majumba yake pakasimama mnara mrefu wenye taa na saa, unaoonekana na kila chombo kinachoingia bandarini.

Saa ya Ulaya ilipofika mwambao ilibadilishwa tabia. Kwetu siku huanza magharibi, kama ilivyo katika dini. Jua likitua, akrabu za saa huwekwa kwenye kumi na mbili, na saa ya kwanza ya usiku ikaanza. Jambo hili linawezekana kwa sababu tuko karibu na ikweta: mwaka mzima magharibi ya Lamu husogea kwa kama nusu saa tu, na mwenye saa huirekebisha kidogo kidogo. London haliwezekani, kwani huko kati ya kipupwe na kiangazi jua la magharibi husogea kwa zaidi ya saa nne. Kwa hiyo fundi wa Ulaya alitengeneza chombo, lakini majira aliyapanga mwadhini. Saa ya mnara wa Unguja nayo ilifuata hesabu ya mwambao.

Ardhi ndiyo iliyomponyoka Barghash. Mwaka 1885 Wajerumani walijitwalia Witu, hapa bara karibu nasi, na manowari zao zikaja Unguja kumlazimisha akubali madai yao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe wakapima utawala wake kwa rula. Wakamwachia visiwa, Lamu ikiwemo, ukanda wa pwani wa maili kumi hadi Kipini, na bandari chache kaskazini. Akatia saini, kwani hakuwa na la kufanya. Alifariki mwezi wa Machi 1888.

Miaka minane baadaye, Agosti 1896, mwanawe Khalid alikalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Manowari zikapiga mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Mnara wa Barghash ukavunjwavunjwa. Saa ikajengewa mnara mpya mbele ya Beit al-Ajaib. Nao, tarehe 25 Disemba 2020, ukaporomoka pamoja na sehemu kubwa ya jengo, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa.

Ardhi imekwenda, minara miwili imeanguka. Lakini muulize mtoto yeyote wa Lamu alfajiri imepita lini, atakwambia saa kumi na moja, hata kama simu aliyoishika inaonyesha tano. Hesabu ile haikumhitaji sultani ili iishi. Yeye aliiheshimu tu, akaipandisha juu ya mnara mbele ya macho ya mataifa yaliyokuwa yakimnyang'anya kila kitu kingine.

Kwa hiyo, mwenye saa ya babu, usikubali ikapimwa kwa gramu ikaishia kwenye chungu cha sonara. Pia elewa sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Saa iliyoshuka Lamu zama za Barghash imo ndani ya hesabu hiyo. Anayekuja kuinunua kimyakimya aipeleke ng'ambo anakuingiza nawe katika kosa.

Na ikiwa shida imekubana, kuuza si haramu. Lakini kabla ya kuuza, kaa na mkubwa wa nyumba uandike: ilikuja na nani, katika chombo gani, nani aliitia ufunguo, na majira iliyatoa kwa adhana ya msikiti gani. Alama iliyo ndani ya kifuniko mnunuzi ataisoma mwenyewe. Hayo mengine yamo vichwani mwa wazee wetu, na wazee wanapungua kila mwaka.