Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyefuatilia kansa ya taya za watoto

Muji wa Kalemie, pembeni ya Ziwa Tanganyika, uko karibu metre 770 juu ya bahari. Kuna joto, mvua na malaria. Ni katika sehemu za namna hiyo Denis Burkitt alionyesha kwamba kansa ya taya inashambulia watoto.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Hata hivyo alisomea upasuaji, na mwaka 1946 akaenda kutumika Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimuonyesha mutoto wa miaka 5 aliyevimba taya zote, kushoto na kuume. Majuma machache baadaye, huko Jinja, Burkitt akakuta mutoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Alipekua faili za wagonjwa, na mwaka 1958 akatoa ripoti.

Lakini ugonjwa huo ulifuata ukoo ama mahali? Oktoba 1961, yeye na waganga Edward Williams na Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa gari la zamani. Kwa majuma 10 walipita hospitali nyingi hadi Afrika Kusini, karibu kilometre 16.000. Ramani ikajibu: uvimbe ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na ulipotea kwenye milima mirefu. Hata watu wa milimani waliohamia mabondeni waliupata. Haukuwa urithi wa ukoo.

Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona virusi ndani ya uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria ya kila mara, vinafungulia kansa hiyo mulango.

Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikutosha. Burkitt alijaribu dawa kama metotreksati na siklofosfamide. Watoto fulani walipona kwa dozi chache tu.

Alikufa Uingereza mwaka 1993. Ugonjwa unaobeba jina lake bado uko. Uvimbe wake unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku mbili. Mutoto ambaye meno yanalegea na taya inavimba apelekwe hospitali bila kungoja: akiwahi matibabu, anaweza kupona.